Gari la Msaada, Mafuta ya Nani?

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha kwa siku 90 misaada ya nchi yake kwa mataifa ya nje. Siku hizo hazijatimia, mwezi Machi, serikali yake ikatangaza kufuta asilimia 83 ya miradi ya shirika la USAID, na Julai mosi shirika lenyewe likafunga shughuli zake. Mimi ni mstaafu, makazi yangu ni Singida mjini, na sikutarajia habari ya Washington inifikie zaidi ya kuisikia redioni. Lakini simu zilianza kuingia. Waliokuwa vijana wangu kazini, leo ni wakuu wa idara huku na kule, na walichouliza kilikuwa kimoja: "Shikamoo Mzee. Yale magari ya namba za DFP, mradi ukifungwa, mafuta yake tunayaweka kasma gani?"

DFP ni namba za magari ya miradi ya wafadhili. Swali la mafuta yake nimeishi nalo karibu muda wote wa utumishi wangu. Nilikuwa afisa mipango, "Bwana Mipango" kama wananchi walivyotuita, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuandika maandiko ya kuombea fedha: visima, madarasa, zahanati, na hasa magari na vifaa vya dharura. Mengine yalijibiwa, mengine yaliishia kwenye makabati ya watu. Kwa kuwa swali limerudi, na safari hii limerudi kwa kishindo, nimeona niandike yale niliyoyaona kabla hayajanitoka.

Nilikulia Iramba, upande wa Ndago, wakati mgonjwa mahututi alibebwa kwa machela. Vijana wanne walibeba, wengine wanne walifuata nyuma kuwapokea, na mama mmoja mtu mzima alitembea kando akimpepea mgonjwa kwa kanga. Walichokuwa wakikitafuta ni barabara, na kule barabarani walikaa chini wakiomba lori lipite. Gari pekee ambalo watu walilitaja kwa uhakika ni la misheni. Walutheri walikuwa na hospitali Iambi, ambayo leo imo katika Wilaya ya Mkalama. Na ng'ambo ya mpaka, huko Mbulu, wamisionari kutoka Norway walikuwa wamefungua Hospitali ya Haydom mwaka 1955. Watu wa kwetu walifika kote kuwili.

Utotoni niliamini gari la misheni lilikuja kwa sababu wenye gari walikuwa watu wa Mungu. Nilipoitembelea Haydom nikiwa mtumishi wa serikali, nikakuta maelezo mengine. Hospitali ilikuwa na karakana yake: mafundi wanaojua gari lipi lilibadilishwa springi lini, vipuri vimepangwa kwenye rafu, na mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha dizeli haiishi. Fedha za hospitali ile nazo zilitoka nje kwa sehemu kubwa, kama zilivyotoka za magari tuliyokuja kupewa sisi. Kwa hiyo tofauti haikuwa kwamba wao walijitegemea na sisi tuliomba. Wao waliliwekea gari fundi na mafuta kwanza, ndipo wakaliagiza.

Nilielewa uzito wa jambo hilo katika halmashauri moja ya mkoa huu, ambayo nitaiacha bila jina. Tulipata gari la wagonjwa kutoka kwa mfadhili, Land Cruiser mpya, nyeupe, yenye king'ora. Siku ya makabidhiano shule zilifungwa mapema, ngoma zikachezwa, mheshimiwa mmoja akaingia nyuma ya usukani na kupiga king'ora mpaka kuku wakakimbia. Picha zilipigwa. Mfadhili akaondoka na hati yake iliyosainiwa, nasi tukabaki na gari.

Yaliyofuata hayakuwa na picha. Ikama ya watumishi haikuwa na nafasi ya dereva wa pili, kwa hiyo dereva mmoja akawa wa mchana na wa usiku, hadi alipougua yeye mwenyewe. Bima ilipoisha, gari lilisimama likisubiri kibali cha malipo. Matairi yalilika upesi kwa changarawe. Kabla mwaka wa pili haujaisha, ndugu za wagonjwa walikuwa wanaambiwa waziwazi kwamba gari lipo, wachangie mafuta.

Hesabu yake si ngumu. Land Cruiser kwenye barabara zetu huenda takriban kilomita nane kwa lita moja. Mgonjwa wa kilomita 100 kutoka hospitali anahitaji kilomita 200 za kwenda na kurudi, yaani lita 25 za dizeli. Kwa familia inayoishi kwa madebe machache ya mtama na alizeti, lita 25 usiku wa manane ni mbuzi wawili watatu waliouzwa kwa bei ya kutupa.

Asubuhi moja mzee alikuja ofisini kwangu, amevaa koti na ameshika kofia mkononi. Nilijua amekuja kulalamika, nikajiandaa. Hakulalamika. Usiku uliopita alikuwa amenunua mafuta ya kumpeleka mkwewe hospitali, naye alitaka risiti ya serikali, kwa sababu mbuzi waliouzwa walikuwa wa ukoo na wenzake wangemuuliza. Nilimtazama mhasibu, mhasibu akanitazama. Risiti ya halmashauri hutolewa kwa fedha iliyopokelewa na halmashauri, na fedha yake haikupita kwetu. Ilitoka mfukoni ikaingia moja kwa moja kwenye tangi la gari la umma. Kwa vitabu vyetu, safari ile haikugharimu chochote. Hapo nilifahamu kwamba taarifa tulizompelekea mfadhili kila robo mwaka, zikionyesha idadi ya wagonjwa waliosafirishwa, zilikuwa zinahesabu pia mbuzi wa wananchi bila kuwataja.

Kuna jambo ambalo anayeishi mbali na Singida ni rahisi kutoliona. Mapato ya ndani ya halmashauri zetu hutegemea sana ushuru wa mazao: alizeti, vitunguu, mahindi, na minada ya mifugo. Fedha huingia kuanzia Mei na Juni, mavuno yanapotoka, hujaa Julai na Agosti, kisha hupungua. Ikifika Januari na Februari akaunti imekauka. Na hiyo ndiyo miezi ya mvua: makorongo yamejaa, barabara zimekatika, malaria imepanda, wajawazito wamekwama vijijini. Dharura zetu na fedha zetu huja misimu tofauti. Mfadhili aliyeko Dar es Salaam au Ulaya hawezi kulijua hilo. Bwana Mipango anapaswa kulijua na kulitengea fedha wakati wa mavuno, kabla viti na posho havijazila.

Moto ulinifundisha somo la pili. Katika mji mdogo mmoja kando ya barabara kuu, safu ya maduka ilishika moto usiku. Gari la zimamoto lilikuja kutoka mbali, na askari wake walifanya kazi kwa ujasiri ambao sijausahau. Lakini gari lenye lita 5,000 likifunguliwa mpira wenye nguvu humaliza maji yake kwa dakika kati ya tano na kumi. Yalipokwisha, likageuka kwenda kutafuta mengine. Mji ule haukuwa na kituo cha maji ya kuzimia moto. Palikuwa na kioski cha maji chenye bomba la kujazia ndoo. Gari lilipokaa pale kusubiri tangi lijae, maduka yaliyokuwa yamesalimika yakaungua pia. Watu waliwatupia maneno askari. Mimi nilikuwa natazama bomba.

Wengi hawajui kwamba zamani huduma ya zimamoto ilikuwa mikononi mwa halmashauri. Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 ndiyo iliyounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na ndiyo maana leo unapiga 114 popote ulipo. Mabadiliko yale yalikuwa na faida ya mafunzo na nidhamu moja kwa nchi nzima. Lakini magari yalipohamia jeshini, maji, viwanja, barabara za mitaa na vibali vya ujenzi vilibaki kwa mamlaka nyingine. Kwa hiyo unaweza kuleta gari la kisasa kabisa katika mji ambao mitaa yake ni myembamba kuliko gari lenyewe na bomba lake halina nguvu.

Baada ya moto ule niliandika andiko la matangi ya maji ya akiba na vituo vya kuchotea katika miji midogo. Mfadhili niliyempelekea alilisoma kwa heshima, kisha akauliza kama hatuhitaji gari. Sikumlaumu. Gari lina mlango wa kubandika nembo, lina ufunguo wa kukabidhi, na linapita mitaani likionekana. Tangi la zege lililofukiwa nusu ardhini halimpi mtu sifa mpaka siku mji utakapowaka, na siku hiyo hakuna anayeuliza nani alilijenga. Kazi ya mwombaji ni kusimama kwenye hitaji lake, kwa sababu mtoaji ataelekea kwenye kile kinachoonekana.

Kisha lami ikatufikia. Wakati barabara ya Dodoma, Manyoni, Singida hadi Nzega ilipokuwa ya vumbi, ajali zilikuwepo, hasa kwenye kona za mlima Sekenke, lakini mwendo ulikuwa wa pole. Lami ilileta mabasi yaendayo kasi na malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Tarehe 4 Julai 2016 mabasi mawili ya kampuni moja yaligongana uso kwa uso katika kijiji cha Maweni, wilayani Manyoni. Watu zaidi ya 25 walikufa. Mimi nilikuwa Dodoma kikazi, nikapita pale wakati wa kurudi, mabaki yakiwa bado kando ya barabara. Wanakijiji walinieleza walivyohangaika kuwatoa watu: mitalimbo, shoka, jeki za malori, minyororo ya kuvutia. Kina mama walitoa kanga zao kufunikia maiti, na wenye magari ya mizigo walipakia majeruhi juu ya magunia.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mwokoaji wa kwanza katika nchi yetu ni jirani. Ndivyo ilivyokuwa pia tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ndani ya Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba na watu 19 wakapoteza maisha: wavuvi na mitumbwi yao ndio waliotangulia. Taifa liliwapongeza, na walistahili. Lakini pongezi ikishatolewa, bajeti ingepaswa kufuata njia ile ile. Mkasi wa kukatia vyuma, machela imara, glavu, taa na mafunzo ya huduma ya kwanza kwa vijana wa bodaboda, vikitunzwa kwenye kituo cha afya kilicho karibu na sehemu korofi za barabara, vinagharimu kiasi kidogo sana ukilinganisha na gari moja. Katika maandiko yote yaliyopita mezani kwangu kutoka idara mbalimbali, vifaa vya namna hiyo vilikuwa adimu. Kila idara iliomba gari.

Nilikuwa nimeshastaafu mlima Hanang ulipoporomosha tope juu ya Katesh na vijiji vya jirani, tarehe 3 Desemba 2023. Katesh iko kilomita 65 kutoka Singida; ni majirani zetu wa soko na wa ndoa. Zaidi ya watu 80 walikufa. Kanisa letu lilikusanya unga, nguo na mablanketi, nami nikapanda lori lililopeleka. Tulipofika, mitambo mikubwa na askari walikuwa wakifukua tope, na maghala yalikuwa yanajaa. Kijana aliyekuwa akipanga mizigo aliniambia kwa upole kwamba nguo zimewatosha. Kilichopungua ni mabuti ya mpira, glavu na koleo.

Huruma ya Watanzania baada ya maafa sina shaka nayo, nimeiona kwa macho. Shida yake ni kwamba huja maafa yakishatokea, nayo huja na kile mtu alichonacho nyumbani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Kamati ya kijiji yenye koleo, mabuti na orodha ya nani ana trekta ni msaada mkubwa kuliko lori la nguo linalofika siku ya nne. Na koleo halihitaji mfadhili.

Ni mpango wa m-mama ulionionyesha kwamba mambo yanaweza kupangwa vingine. Ulianzia Sengerema na Shinyanga, Vodafone Foundation na USAID wakiwa miongoni mwa wafadhili wake, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua Dodoma kwa nchi nzima. Mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, ndugu au mhudumu wa afya hupiga 115 bila malipo. Kituo cha uratibu hutafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu, humwita dereva wa jamii: mtu wa kawaida mwenye gari lake, aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa.

Niliuona mpango huo ukifanya kazi kwa mtoto wa dada yangu, aliyeshikwa na uchungu usiku wa mvua. Aliyekuja kumchukua alikuwa kijana anayebeba abiria na magunia ya vitunguu mchana. Hakudai mafuta, hakuuliza mbuzi. Nilimsalimia kesho yake, nikamuuliza kama malipo yameingia. Akanionyesha ujumbe kwenye simu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona fedha ya mfadhili ikilipia safari badala ya kulipia chuma. Gari lilikuwepo kijijini tangu zamani, na dereva pia. Kilichokosekana ni namba ya kupiga na uhakika wa nauli. Ndiyo maana habari ya Januari 2025 ilinishtua: nauli ile, isipowekwa kwenye bajeti zetu wenyewe, ndiyo itakayotuponyoka kwanza, huku gari likibaki limeegeshwa.

Msomaji asidhani kwamba kuomba ni aibu ya maskini. Marekani yenyewe, tangu 2001, ina mfuko wa serikali kuu unaotoa ruzuku kwa vikosi vya zimamoto vya miji na vijiji vyake. Lakini mji unaopewa hutakiwa kuweka fungu lake: asilimia 5 kwa eneo lenye watu wasiozidi 20,000, asilimia 10 likiwa na watu hadi milioni moja, na asilimia 15 likizidi hapo. Fungu lenyewe ni dogo. Uzito wake ni kwamba baraza la mji lazima likae, lijadili na kupitisha, na likishapitisha limekiri kwamba kifaa ni chake. Hapa kwetu wafugaji wa miradi ya kopa ng'ombe, lipa ng'ombe wanaijua kanuni hiyo vizuri: bwana mifugo huja kwanza kukagua banda na majani, ng'ombe hufuata baadaye. Magari yetu ya dharura tumeyapokea bila banda.

Kwa hiyo vijana wangu walioniuliza kasma gani, jibu langu ni hili. Iandikeni kwenye mapato ya ndani, na muifungie fedha yake Julai na Agosti, wakati ushuru wa alizeti unaingia, ili Februari iwepo. Hati ya makubaliano isisainiwe kabla ikama haijawa na madereva wawili na kabla vipuri na matairi ya miaka mitatu havijaandikwa ndani yake. Mfadhili akikataa masharti hayo, mwambieni ahsante na mumwombe tangi la maji, mkasi wa vyuma au mafunzo ya bodaboda. Waheshimiwa madiwani, msikubali kukata utepe wa gari ambalo hamjalipigia kura ya mafuta.

Na wewe mwananchi, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Nenda, nyoosha mkono, uliza gari la wagonjwa la eneo lako limetengewa lita ngapi mwaka huu na zimebaki ngapi. Ukijibiwa kwamba tunasubiri mfadhili, elewa kwamba kijiji chako hakina gari la wagonjwa, hata kama unaliona limeegeshwa pale nje.